Punje ya Azaria

"Mama Hosea, hivi nyinyi mnafunga kitu gani, na siku hizi hakuna mtu anayesikia njaa?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Nyaguthii, miaka kama saba iliyopita, ameegemea ua wa michongoma na ndoo ya maziwa mkononi. Hakuwa na ubaya. Nyaguthii ni mtu wa kanisa, na swali lake lilikuwa la mtu anayetaka kujua kweli. Nikamjibu kwamba siku moja kwa mwaka sisi tunazima punje. Akaweka ndoo chini.

"Mnazima? Kwa hiari yenu?"

"Kwa hiari yetu."

"Na njaa inakuja?"

"Inakuja. Kwanza inakuja polepole, kama mgeni asiyejua kama nyumba ndiyo hii. Halafu inaingia, inakaa."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya ua. "Mimi mgeni huyo nilimfukuza kwa mawe," akasema. "Nyinyi mnamwandikia barua aje."

Nami nilicheka. Lakini nilipoingia jikoni nilikaa na lile swali, kwa sababu sisi wenye umri wangu tulimjua huyo mgeni vizuri. Katika miaka ya vumbi, Karuguti hii yenye viazi na baridi iligeuka rangi ya majivu. Tulichemsha ngozi. Tulizika watoto bila kuwaosha, maana maji yalikuwa ya walio hai. Waliozaliwa baadaye wanadhani tunatia chumvi, kwa kuwa wao walizaliwa na punje tayari iko.

Punje ni kitu kidogo, kama punje ya mahindi kweli, kinachokaa chini ya ngozi karibu na mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Kila mwezi unakwenda zahanati, muuguzi anaijaza maji ya lishe kwa sindano moja, basi, umemaliza. Yenyewe inaonja damu yako usiku na mchana, na kinachopungua inakiachia: sukari, chumvi, mafuta. Mgonjwa huwekewa dawa ndani ya maji hayohayo, na havitenganiki. Ukizuia chakula umezuia na dawa. Mdomo umebaki wa furaha tu. Tunakula Sabato, tunakula harusini, tunakula viazi vipya vikitoka kwa sababu ni dhambi kuvitazama bila kuvila.

Waislamu wa mjini ndio waliodai kwanza, kwa ajili ya Ramadhani. Serikali ikakubali wawe na kizimio, kifaa cha kuizima, kwa masharti: punje isizimwe zaidi ya saa ishirini na sita, na anayekishika awe amefundishwa. Baada yao tukadai sisi Wayahudi wa Karuguti, watu thelathini na mmoja. Marehemu mume wangu Baruku alikaa wiki mbili mjini, fundi wa msikiti akamfundisha bila kinyongo, akamrudisha na kizimio chetu kimefungwa kwenye kitambaa. Baruku alipofariki, miaka sita sasa, kikawa mkononi mwangu.

Kina ukubwa wa kipande cha sabuni. Unakibandika kwenye mtulinga wa mtu, kinamsoma damu, kinatoa rangi. Kijani, zima. Njano, muulize mtu habari zake kwanza. Nyekundu, hatari. Lakini nyekundu haikatazi, inaonya tu. Uamuzi waliuacha kwa mwenye punje na kwa mwenye kidole.

Nao wakuu wa dini yetu walikuwa wametoa waraka. Walisema punje si kula, kwa kuwa hakuna kinachopita mdomoni. Lakini Torati inataka tuzitese nafsi zetu siku ya Kipuri, Siku ya Upatanisho, na nafsi iliyoshiba haijateswa. Kwa hiyo mzima na azime. Mgonjwa asizime, naye amehesabiwa kuwa amefunga.

Waraka ule ulisomwa mara mbili katika nyumba ya sala, na aliyeusoma ni Azaria.

*

Azaria ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa Baruku, na ndiye anayetuongoza katika sala. Ana sauti nzito inayoanzia mbali, kama lori linalopanda mlima. Miaka minne iliyopita moyo wake ulianza kukosea hatua. Nilimsindikiza hospitali, nikakaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wangu magotini. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye haraka, lakini alisema taratibu, na mbele yangu.

"Mzee, dawa hii ikikatika siku nzima, jioni siwezi kukuahidi."

Azaria alimshukuru, akavaa kofia, tukatoka. Tulipofika langoni akaniambia, "Yudita, Kipuri utanizima kama wengine."

"Shemeji, si umemsikia daktari?"

"Nimemsikia. Yeye ndiye hajanisikia mimi."

Nilijua anachosema. Katika miaka ya vumbi Azaria alikuwa na binti, Sera, wa miaka sita. Alitembea siku mbili kwenda kambi ya msaada, akapewa kopo moja la uji mzito wa kumpelekea mtoto. Njiani, peke yake, alikunywa nusu. Hakupanga. Aliketi kupumzika, akaonja kuona kama umechacha, na kopo lilipotoka mdomoni lilikuwa nusu. Sera alikunywa iliyobaki, akafa siku ya tatu. Labda angekufa hata na kopo zima. Watoto wengi waliokunywa makopo mazima tuliwazika. Lakini hilo huwezi kumwambia Azaria. Alitueleza mwenyewe, mara moja tu, wakati wa kuungama, akijipiga kifua, na tangu hapo Kipuri ilikuwa siku yake. Sisi wengine tulifunga. Yeye alikuwa kama anarudi kwenye ile njia, akalibeba kopo likiwa limejaa.

Basi ikafika alasiri ya kuamkia Kipuri. Akaja mbele yangu, akafungua shati. Nikabandika kizimio. Nyekundu, wala si nyekundu ya kubahatisha.

Pembeni mwa kizimio kuna kitufe kingine kidogo, cha jaribio. Ukikibonyeza kinalia mlio uleule wa kuzima, ujue betri ni nzima. Punje haiguswi.

Mungu ananijua. Sikukaa nikafikiri. Kidole changu kiliijua njia kabla yangu. Kizimio kikalia, Azaria akafunga shati, akasema, "Asante, mke wa ndugu yangu," akaenda kusali.

Kesho yake nilimtazama siku nzima kutoka upande wa wanawake. Tulikuwa wote katika nguo nyeupe na ndara za mpira wa gari, maana siku hiyo ngozi haivaliwi miguuni. Ilipofika saa nane vijana walikuwa wamelala kwenye mikeka, midomo imekauka, wakisimuliana njaa yao kama watu waliorudi safari. Mimi tumbo langu lilikuwa limejikunja. Azaria alikuwa amesimama. Alisimama sala ya asubuhi, akasimama wakati wa Torati, akasimama mchana ambapo hata mbuzi hukaa. Jua lilipoanza kushuka, tukiingia Neila, ile sala ya malango kufungwa, aligeuka kututazama, na mashavu yake yalikuwa maji.

"Ndugu zangu," akasema, "sikusikia njaa. Tangu jana jua lilipotua, sikuisikia hata mara moja. Nafikiri nimepokelewa."

Watu walilia. Nami nililia, lakini si pamoja nao.

Mwaka wa pili nikafanya vilevile, na wa tatu, na wa nne. Na kila mwaka, kabla ya kuzima, tunaombana msamaha kama desturi yetu inavyotaka. Maana Kipuri inafuta makosa ya mtu na Mungu, ya mtu na mtu haifuti mpaka umwendee uliyemkosea umridhishe. Akikataa, unarudi, hata mara tatu. Nilikuwa namwambia, "Shemeji, nisamehe kila nililokukosea mwaka huu." Naye alikuwa anajibu, bila kuuliza ni nini, "Nimekusamehe yote." Nikaupokea. Miaka minne niliuchukua msamaha wake kama mtu anayepokea kapu lililofunikwa, huku yule aliyelitoa ndiye asiyejua kilichomo.

*

Mwaka huu niliweka meza yangu katika chumba cha vitabu, ubavuni mwa nyumba ya sala. Foleni ilianza saa tisa. Siku ilikuwa kavu, baridi ya Karuguti ile inayouma masikio hata jua likiwaka.

Gershoni mwenye duka aliingia wa kwanza, mtu mnene wa maneno mengi, mkewe Hadasa nyuma yake.

"Mama Hosea, hii yangu izime polepole," akasema. "Ni punje yenye woga. Mwaka jana uliizima kama askari anayebisha mlango."

"Punje yake haina woga," Hadasa akasema. "Mwenye woga ni mwenyewe. Saa tano asubuhi alikuwa ananiuliza kama nyota tatu za kufungulia zinaweza kuonekana mchana."

"Niliuliza kielimu."

"Kielimu, huku umeshika tumbo!"

Nikambandika. Kijani. Nikambonyeza, kikalia, akajishika kifua kama aliyepigwa risasi, na foleni yote ikacheka mpaka nje. Ndivyo tunavyoingia Kipuri. Watu hudhani tunaingia kwa huzuni. Tunaingia kama wanaoanza safari. Huzuni inatungoja huko mbele.

Nilikuwa nimemaliza watu kumi na wanne nilipoinua macho nikamwona Ketura.

Ketura ni mshonaji wa sare za shule, mama wa wasichana wawili, hajafika miaka arobaini. Ana mlango mmoja wa moyo usiofunga vizuri tangu utoto. Hajawahi kuzima punje maisha yake. Kila Kipuri yeye huwa uani na watoto, anawasimulia kisa cha Yona na samaki, na ukimpita anainamisha macho kama aliyekutwa anakula.

"Umekosea mlango," nikamwambia. "Watoto wako uani."

"Sijakosea, Mama Hosea. Mwaka huu nizime."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema." Alikuwa tayari amekunja ukosi wa gauni. "Mzee Azaria alinitembelea wiki iliyopita. Hakuniambia nizime. Alinishuhudia tu. Alisema na yeye daktari alimwambia hatafika jioni, na jioni imemkuta mara nne. Hata njaa hasikii. Akasema Mungu anajua kumbeba anayemwendea."

Nilibandika kizimio kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Kikawa chekundu pale pale, kabla hakijatulia.

"Unaiona hii?"

"Naiona. Na ya Mzee ni rangi gani?"

Nilikirekebisha kizimio, ingawa kilikuwa kimekaa sawa.

"Ni nyekundu, si ndiyo? Kila mwaka ni nyekundu, na kila mwaka unamzima." Hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa yananisihi. "Binti yangu mkubwa ameniuliza, 'Mama, wewe huna dhambi, au huna haki?' Nimjibu nini? Nizime, Mama Hosea. Mara hii moja."

Kidole changu kilikuwa kimeshasogea pembeni, kwenye kile kitufe cha jaribio. Ilikuwa rahisi kama kumeza mate. Kingelia, angefunga ukosi, angesimama na wenzake kesho, mzima, furaha tele. Ila kesho hiyo jioni Ketura naye asingesikia njaa. Angemshuhudia mwingine. Na huyo mwingine angemshuhudia wa mbali zaidi, wa mji usionijua, na siku moja mgonjwa angeketi na imani yake yote mbele ya kizimio cha mtu mkweli, akazimwa kweli.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa imefika miaka minne, na pale ndipo ilipokatika, kwenye shingo ya Ketura.

Niliondoa kizimio.

"Kaa hapo nje kwenye benchi," nikamwambia. "Usiende popote. Na aliye karibu aniitie Mzee."

*

Azaria aliingia na kanzu yake nyeupe ya sala imekunjwa mkononi. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Jua la dirishani lilikuwa limefika kwenye rafu ya vitabu. Alikuwa mchangamfu.

"Umenipitisha mbele ya foleni kama mjamzito," akasema. "Watasema shemeji anapendelewa." Akaketi, akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Usifungue, shemeji."

"Kuna nini?"

"Funga mlango kwanza."

Akaufunga. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alipoitwa, lakini alipokaa tena hakuna hata moja lililokuja kwa mpango wake.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimekusamehe yote," akasema, kama kawaida yake.

"Usisamehe kabla hujasikia. Miaka minne umekuwa ukinisamehe hujui ni nini." Nikageuza kizimio kwenye meza, nikamwonyesha ubavu wake. "Unakiona kitufe hiki? Ni cha kujaribu betri. Kinalia kama kile kingine. Mimi nakubonyezea hiki. Punje yako sijaizima hata siku moja tangu uliporudi hospitali."

Alikitazama kitufe. Akaweka kidole, akakibonyeza mwenyewe. Kikalia. Akabonyeza tena. Nje mtu alicheka, akidhani ni mwingine amezimwa.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Zote nne."

"Mwaka wa mvua ya mawe?"

"Na huo."

"Nilisimama tangu asubuhi mpaka Neila."

"Ulisimama. Nilikuona."

"Na sikusikia njaa."

"Ulikuwa umeshiba, shemeji."

Nilijua neno hilo litaumiza, lakini sikuwa na lingine la kweli. Mkono wa Azaria ulikuwa bado kwenye kifungo cha pili cha shati, umesahauliwa hapo.

"Nilikwenda kaburini," akasema baadaye, si kwangu hasa. "Baada ya mwaka ule wa kwanza. Nilimwambia Sera kwamba imekwisha. Nilimwambia baba yako amesamehewa, sasa lala."

"Sikujua hilo."

"Ungelijuaje? Ulikuwa unajua mengine." Akainua macho. "Kwa hiyo sikupokelewa."

"Sijui. Hilo hakuna kizimio kinacholisoma. Najua tu kilichokusimamisha ni dawa."

"Nizime."

"Hapana."

"Nizime, Yudita. Sasa hivi, kwa kitufe chenyewe. Jua bado halijatua."

"Waraka uliusoma wewe, kwa sauti yako. Mgonjwa asizime, naye amehesabiwa kuwa amefunga."

"Amehesabiwa na nani?" Aligonga meza, vitabu vikatikisika. "Na karatasi? Mimi nilikunywa uji wa mtoto, mwanamke! Wewe ukaninywesha mwingine miaka minne, ukinitazama nikizishukuru mbingu. Baruku angekuwepo angenizima."

"Baruku angekuwepo tungekuwa tumekuzika miaka minne iliyopita, na yeye angekuwa analia juu ya kizimio." Nikashusha sauti. "Nilikukosea, na kosa langu si kwamba uko hai. Nilikuona mzee mzima nikakufanya mtoto. Nilikupa shibe nikaacha uiite Mungu. Hilo ndilo ninaloliombea msamaha. Nisamehe, shemeji."

"Sitaki."

"Nakuomba mara ya pili."

"Nimesema sitaki."

Akanyosha mkono, akachukua kizimio. Ningeweza kukivuta; kilikuwa karibu na mimi zaidi. Sikukivuta. Kumdanganya niliapa sitamdanganya tena, na kumpokonya ni uongo mwingine wenye mikono. Alikibandika mwenyewe kwenye mtulinga, vibaya, kikateleza, akakirudisha. Mwanga mwekundu ukamjaa chini ya kidevu. Kidole gumba chake kikapata kitufe, kile chenyewe.

Mikono yangu niliiweka chini ya meza ili isifanye kitu.

"Ketura yuko nje kwenye benchi," nikasema.

"Ketura anahusika nini?"

"Anangoja nikuzime wewe, ndipo na yeye azimwe. Ulimshuhudia wiki iliyopita. Nimembandika sasa hivi, ni mwekundu kukushinda."

Kidole hakikuondoka, lakini hakikubonyeza.

"Sikumwambia azime," akasema.

"Hukumwambia. Ulimwambia jioni imekukuta mara nne."

Nje palikuwa pamepoa. Waliokwisha kuzimwa walikuwa wameanza kuingia kukaa. Azaria alihema, pumzi ile fupi ya wagonjwa wa moyo. Niliona kitu kikimpita usoni ambacho nilikuwa nakijua, kwa sababu nimeishi nacho: mtu anapogundua mkono wake mwenyewe ulipofika bila yeye kuupeleka. Akashusha kizimio, akakiweka mezani, taratibu. Akafunga kifungo cha shati kwa vidole vinavyokosea tundu. Kisha akafungua mlango.

"Ketura. Ingia, mwanangu."

Ketura aliingia akitabasamu, ukosi wake bado umekunjwa. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, na tabasamu likaondoka.

Azaria hakukaa. Alisimama mbele yake kama anavyosimama mbele ya sanduku la Torati.

"Nimekukosea," akasema. "Nilikushuhudia kitu ambacho hakikuwa. Punje yangu haikuzimwa. Mwaka huu uliopita haikuzimwa, wala wa kabla yake, wala yote niliyokuhesabia. Sikubebwa. Nilikuwa na chakula ndani na dawa ndani, kama wewe. Usizime."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema. Niliamini. Ungekufa kwa maneno yangu, na mimi ningekuongozea sala huku nimeshiba." Sauti ya lori ilikuwa imekwama mlimani. "Nisamehe, Ketura."

"Nani alifanya hivyo, Baba?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nijibu. Azaria akainua kiganja, hakunitazama.

"Hilo usiliulize. Uliza tu kama unaweza kunisamehe."

Ketura alianza kulia, machozi ya mtoto aliyevishwa nguo mpya akaambiwa safari imeahirishwa. Alikunjua ukosi, akaulaza kwa viganja vyote viwili.

"Nimekusamehe," akasema. "Nimekusamehe, Baba. Lakini nilitaka sana."

"Najua. Mimi pia nilitaka."

"Nitamwambia nini binti yangu?"

Alifikiri. "Mwambie mwaka huu tuko wawili," akasema. "Kesho nikimaliza Torati nitakuja uani nikae nanyi. Na leo kabla ya sala ya kwanza nitawaeleza watu wote nilivyo, wasije wakanitazama wakadhani vingine."

Ketura akaitikia kwa kichwa, akapangusa uso kwa upindo wa leso, akaenda kwa watoto. Nilisikia wanavyomkimbilia.

Tulibaki wawili. Nyumba ya sala walikuwa wameanza kuvumisha ule wimbo wa kufutwa kwa nadhiri, bila maneno, wakimngoja mwongozaji. Jua lilikuwa limeshuka kwenye rafu ya chini. Azaria alikunjua kanzu yake nyeupe, akaivaa, mkono mmoja ukakataa kuingia, zamani ningemshikia. Nilisimama nilipo.

"Shemeji," nikasema, "hii ni mara ya tatu. Nisamehe."

Aligeuka. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo bila miwani. Midomo yake ilifunguka, nikaona pumzi ikiingia, nikangoja kinachokuja nayo. Hakikuja. Aliupata mkono wa kanzu, akaupitisha, akanyosha kola. Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, kama unavyomwacha mgonjwa aliyepata usingizi, akaenda kwa watu wake bila kuniambia neno jingine.